Barua ya wazi kuhusu sataranji katika skuli za msingi: mtoto acheze raundi zote

Kwa Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Amali, maofisa elimu wa wilaya za Unguja na Pemba, walimu wakuu na kamati za skuli za msingi.

Assalaam alaykum,

Waheshimiwa, tunaandika sisi tunaofundisha sataranji watoto wa darasa la kwanza hadi la sita na kusimamia mashindano yao. Ombi letu kubwa ni moja. Mtoto akishapelekwa kwenye mashindano, acheze raundi zote mpaka mwisho, na kabla ya siku hiyo awe na klabu inayomfundisha kila wiki. Kombe linaweza kusubiri.

Skuli inapotaka kuanzisha sataranji, wazo la kwanza huwa ni mtoano, kwa sababu sote tumeuzoea kwenye mpira. Hebu tuupigie hesabu. Watoto 32 wakiingia, raundi ya kwanza inawatoa 16. Mtoto aliyepanda boti kutoka bandari ya Mkoani, Pemba, na kulala ugenini anacheza dakika 20, anampoteza malkia wake kwa kutotazama, kisha anakaa ukutani kuwaangalia wengine. Mtoano wote una michezo 31. Watoto hao hao, kwa raundi zile zile 5, wakipangwa kwa mfumo wa Uswisi watacheza michezo 80, na bado mshindi atapatikana.

Mfumo huo hautoi mtu. Kushinda ni pointi 1, sare ni nusu, kufungwa ni 0. Kila raundi mtoto anakutanishwa na mwenye pointi sawa na zake au zinazokaribiana, na wawili waliokwisha kucheza hawakutanishwi tena. Kufikia raundi ya tatu wanaoanza wanakutana na wanaoanza wenzao, na hapo mtoto aliyefungwa mara mbili asubuhi anapata mchezo anaoumudu. Ukumbi wa watoto 16 unahitaji raundi 4, wa 32 raundi 5, wa 64 raundi 6.

Kompyuta si lazima. Kata karatasi ya manila vipande vya ukubwa wa kiganja, kila mtoto kimoja. Juu andika jina na skuli, chini yake chora safu nne: mpinzani, rangi, matokeo, jumla. Kila raundi ikiisha, panga kadi kwa mafungu ya pointi. Fungu la watoto 8 wenye pointi 2 lilaze mezani kwa mpangilio, ligawe katikati, halafu wa 1 akutane na wa 5, wa 2 na wa 6, wa 3 na wa 7, wa 4 na wa 8. Ikiwa wa 1 na wa 5 walishacheza, mbadilishe wa 5 na wa 6. Fungu likiwa na idadi ya witiri, wa mwisho anashuka fungu la chini. Ukumbi mzima ukiwa witiri, mwenye pointi chache kabisa anapumzika na kupewa pointi 1, ila asipumzishwe mara mbili. Rangi zipishane kadiri inavyowezekana, na asitokee mtoto wa kushika nyeupe au nyeusi mara tatu mfululizo. Walimu wawili waliozoea humaliza kadi 32 ndani ya dakika 10.

Watoto wakilingana pointi mwishoni, jumlisheni pointi za wapinzani wa kila mmoja. Aliyekutana na wagumu zaidi anatangulia. Kadi zina habari zote hizo. Kigezo hiki kitangazwe kabla ya raundi ya kwanza na kibandikwe mlangoni. Kikitangazwa baada ya matokeo kuonekana, hata kikiwa cha haki, wazazi wataona kimetengenezwa.

Sasa muda. Dakika 15 kwa kila mchezaji zinatosha umri huu. Mchezo mrefu kabisa unachukua nusu saa. Ongezeni dakika 10 za kukusanya matokeo na kupanga upya, raundi inakuwa dakika 40. Mkianza saa 2:30 asubuhi bila kuchelewa, raundi 5 zinakwisha saa 5:50, kabla ya adhana ya Adhuhuri. Raundi ya sita ikiwepo itabidi ichezwe baada ya sala na chakula, na hapo ndipo ratiba nyingi huvunjika: watoto wanarudi mmoja mmoja, raundi inachelewa, waliotoka mbali wanakosa gari. Kwa skuli za msingi tunapendelea raundi 5 na watu waende makwao. Siku iwe Jumamosi. Ijumaa haifai, Ramadhani haifai, na miezi ya masika ni taabu kwenye kumbi za bati, kwani mvua ikipiga mwamuzi hasikiki hata akipaza sauti.

Kwa saa za sataranji, zile zinazohesabu muda wa kila mchezaji peke yake, tunaomba msikilize kwa makini, maana ndipo fedha zinapopotea. Saa moja kwa kawaida ni ghali kuliko ubao na kete zake. Ukumbi wa watoto 40 una mbao 20, lakini hauhitaji saa 20. Michezo mingi ya wanaoanza huwa imeisha ndani ya dakika 20. Mwamuzi atazame saa ya ukutani; dakika 20 zikitimia, apeleke saa kwenye mbao zinazoendelea tu, na kila upande upewe dakika 5. Kwa njia hii saa 6 zinatosheleza ukumbi. Zikikosekana kabisa, simu ya mwalimu yenye programu ya saa ya sataranji inafaa, mradi iwekwe kwenye hali ya ndege ili isipigwe katikati ya mchezo. Na saa zihifadhiwe bila betri ndani, kwa sababu hewa yetu ya chumvi inakula vishikio vya betri ndani ya miezi michache.

Tunapinga ule mtindo wa kusimamisha mchezo muda ukiisha na kuhesabu kete za nani ni nyingi. Mtoto anajifunza upesi kwamba akishakula askari mmoja wa ziada anaweza kumpeleka mfalme huku na kumrudisha kule hadi kengele igongwe. Mnakuwa mmemfundisha kungojea kengele.

Migogoro ya ukumbi wa watoto ni ile ile kila mahali, na karibu yote inazuilika. Mkubwa kuliko yote ni "mati" (mfalme ameshambuliwa na hana pa kuokokea, mchezo umekwisha) isiyokuwa mati. Mfalme mweusi yuko g8 (mraba wa safu ya g, mstari wa 8), malkia mweupe anatua g7 hana anayemlinda, aliyemweka anapiga kelele "Mati!", mwenzake anaamini, wanapeana mikono, wanazikusanya kete. Kumbe mfalme alikuwa na haki ya kumla malkia. Mwamuzi akifika, hakuna tena cha kutazama. Kanuni yetu ni hii, na isomwe kwa sauti kabla ya raundi ya kwanza: mchezo ukiisha, mikono mapajani, inueni mkono mmoja, kete zibaki zilivyo mpaka mwamuzi aone.

Wa pili ni mkwamo. Mtoto amebaki na mfalme na malkia dhidi ya mfalme pekee, ana furaha, anamsogeza malkia g6 wakati mfalme wa mwenzake yuko h8. Hakuna shaha, yaani mfalme hashambuliwi, na hana pa kwenda: g7, g8 na h7 zote ziko chini ya malkia. Hiyo ni sare, na mara nyingi aliyekuwa anaongoza hulia. Dawa yake iko klabuni: kila mtoto aonyeshwe mkao huo mpaka autambue, na afundishwe kujiuliza kabla ya kila hatua, "Mwenzangu atacheza nini?"

Ukigusa umecheza. Kanuni hii itumike tangu siku ya kwanza ya klabu, si siku ya mashindano tu, la sivyo mtoto ataona ameonewa. Anayetaka kuiweka kete sawa aseme "naweka sawa" kabla ya kuigusa. Kuhusu hatua batili, katika mchezo wa kawaida sheria za FIDE, shirikisho la sataranji la dunia, humpa mpinzani dakika 2 za ziada kwa kosa la kwanza, na kosa la pili ni kupoteza mchezo. Kwa darasa la 1 hadi la 3 tunashauri kosa la tatu ndilo lipoteze. Mfalme haliwi: mtoto akimla mfalme wa mwenzake, mwamuzi awarudishe pale kosa lilipotokea ikiwa wanaweza kukumbuka.

Mwamuzi mmoja kwa kila mbao 10 anatosha, naye asifungue kinywa mpaka aitwe au aone hatua batili. Akimwambia mtoto "tazama vizuri" ameshamsaidia mmoja dhidi ya mwengine. Matokeo yaletwe na watoto wote wawili kwa pamoja. Mshindi akija peke yake, kosa la kuandika linagundulika raundi mbili baadaye. Wazazi na wafundishaji wakae nje ya mlango. Tunajua si rahisi kumwambia mzazi hivyo, lakini mtoto anayemtazama mama yake kila akishika kete hachezi mchezo wake.

Vifaa. Klabu ya watoto 24 inahitaji mbao 12 na seti 12. Seti moja ina kete 32. Nunueni zenye malkia wawili wa ziada, kwa sababu askari akifika mwisho hugeuzwa malkia na watoto wasipompata huanza kugeuza ngome kichwa chini. Mfalme wa kiasi cha sentimita 9.5 na miraba ya sentimita 5 hadi 6 ndicho kipimo kinachotumika mashindanoni. Mbao za plaiwudi huvimba kwa unyevu wa masika na rangi hubanduka. Bora kuliko hizo ni turubai la mabango ya matangazo. Miraba ya sentimita 5.5 inatoa ubao wa sentimita 44. Acha ukingo wa sentimita 3 kila upande kwa herufi a hadi h na namba 1 hadi 8, unapata sentimita 50 kamili. Turubai la mita 1 kwa mita 3 linatoa mbao 12, yaani klabu nzima kwa uchapaji mmoja. Miraba myeusi iwe ya kijani au kahawia, maana kete nyeusi hazionekani juu ya mraba mweusi tii. Mbao zikunjwe kwa mviringo, zisikunjwe pembe, na zisiachwe juani.

Dawati moja la skuli halibebi ubao wa sentimita 50. Mawili yakikutanishwa yanabeba. Pasipo madawati, mkeka unafaa kabisa kwa klabu. Kwa mashindano haufai sana, kwa sababu magoti hugonga mbao na kuzivuruga kete.

Kila seti na mfuko wake wa kitambaa, wenye namba. Kikao hakifungwi mpaka watoto wawili waliotumia seti hiyo wapange kete zote juu ya ubao na mwalimu azione ziko 32, pamoja na malkia wa ziada. Inachukua dakika 2. Klabu zisizofanya hivi humaliza mwaka zikiwa na seti nusu na vizibo vya soda badala ya askari.

Kuhusu wakati wa klabu, hapa kwetu kuna jambo ambalo miongozo ya nje haiwezi kulijua. Skuli nyingi zina mikondo miwili, na mtoto asiyekuwa skuli asubuhi yuko chuoni, yaani chuo cha Qur'ani, na wa asubuhi yuko chuoni jioni. Klabu ikipangwa bila kulitazama hilo inagombana na maalim, na itashindwa. Vyuo vingi hufunga Alkhamisi na Ijumaa. Kwa hivyo Alkhamisi baada ya Alasiri ndiyo saa bora kwa mkondo wa asubuhi, na Jumamosi asubuhi kwa wengine, baada ya kuzungumza na vyuo vya jirani. Saa moja na nusu kwa wiki inatosha: nusu saa ya somo, saa moja ya kucheza.

Somo la kwanza lisiwe kueleza kete zote sita. Watoto huchoka, na wiki ya pili wamesahau. Anzeni na askari 8 kwa 8, hakuna kingine juu ya ubao. Wa kwanza kumfikisha askari mwisho ameshinda. Ndani ya dakika 20 darasa zima linacheza. Kabla ya hapo waonyesheni jambo moja tu, kwamba mraba mweupe ukae kona ya mkono wa kulia wa kila mchezaji. Wiki ya pili ngome na tembo, ya tatu malkia na mfalme, na malkia anaanza kwenye rangi yake. Farasi apewe wiki yake peke yake. Ndipo shaha, mati na mkwamo, kisha mati ya ngome mbili, halafu ya mfalme na malkia. Mfalme kubadilishana na ngome kuje baada ya hapo, na askari kumla askari aliyempita kuwe mwisho wa yote, kwani kukifundishwa mapema watoto hukitumia mahali pasipo pake.

Mati ya hatua nne inahitaji neno lake. Nyeupe anacheza e4, nyeusi e5. Malkia h5, farasi c6. Tembo c4, na nyeusi akimtoa farasi f6 bila kutazama, malkia anakula f7 na mchezo umekwisha. Mtoto akishaijua huwafunga wenzake wote wiki nzima na kudhani amehitimu. Mfundisheni kila mtoto jibu siku hiyo hiyo: badala ya farasi f6, askari g6. Malkia anarudi f3 kutishia tena, na sasa ndipo farasi anakwenda f6. Malkia ameshahama mara mbili, farasi na tembo wengine wa nyeupe bado wako nyumbani. Klabu inayoishi kwa mati hii pekee huanguka vibaya inapokutana na klabu inayoijua dawa yake.

Kuanzia darasa la nne watoto waandike michezo yao kwa herufi za kimataifa, K (mfalme), Q (malkia), R (ngome), B (tembo) na N (farasi), ili mchezo ulioandikwa Wete usomeke Nairobi bila kufasiriwa.

Kuna wazazi na masheikh wenye wasiwasi na mchezo huu, na wasiwasi wao usipuuzwe. Katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo wengi wetu tunayafuata, kauli mashuhuri ni kwamba sataranji ni makuruhu, na inaingia kwenye haramu inapochezwa kwa kamari, inapompitisha mtu wakati wa sala au inapoambatana na matusi. Wapo maulamaa wa madhehebu mengine waliokuwa wakali zaidi. Kwa hivyo tunaomba mambo manne yaandikwe kwenye mwongozo wa kila mashindano. Mtoto asitozwe fedha ya kuingia ambayo baadaye inageuzwa zawadi, maana hiyo ni kamari. Zawadi itoke nje ya wachezaji, na iwe vitabu, madaftari au seti ya kete. Hakuna raundi inayoanzishwa ikiwa itapita juu ya wakati wa sala. Na mzazi asiyetaka mtoto wake acheze asilazimishwe wala mtoto asisemwe.

Tunaomba pia msiwaahidi wazazi kwamba sataranji itapandisha alama za hesabu. Mwaka 2016 taasisi ya Education Endowment Foundation ya Uingereza ilitoa ripoti ya jaribio lililofanywa katika skuli 100 za msingi: mwaka mmoja baada ya mafunzo kwisha, alama za hesabu za watoto waliofundishwa hazikutofautiana na za wenzao. Armenia ililiingiza somo hili katika ratiba ya skuli za msingi tangu 2011, na ni uamuzi wao. Sisi hatuombi kipindi cha hesabu kikatwe. Tunachokiona klabuni kinatosha kuitetea klabu: mtoto wa miaka 8 anakaa kimya nusu saa mbele ya tatizo lake mwenyewe, anafungwa, anampa mwenzake mkono, anapanga kete upya.

Wasichana wacheze ukumbi mmoja na wavulana, zawadi zitolewe pande zote mbili. Timu ya skuli iwe ya watoto 4, na angalau 2 wawe wasichana. Sharti hilo peke yake linamlazimisha mwalimu kuwatafuta na kuwafundisha tangu mwanzo wa mwaka. Watoto wakisafiri, awepo mwalimu wa kike na wa kiume, na majina ya wanaolala wapi yaandikwe kabla ya kuondoka.

Kwa Pemba tunaomba mchujo na fainali yake vifanyike Pemba, Chake Chake ikiwa katikati. Fainali ya visiwa vyote ipishane, mwaka huu Unguja, mwaka ujao Pemba, na watoto wanaovuka wafike siku moja kabla. Mtoto aliyetapika kwenye boti asubuhi hawezi kucheza raundi ya kwanza saa 2:30.

Tunaloomba kwa ofisi zenu ni walimu wawili kutoka kila skuli itakayojitolea, ili mmoja akihamishwa klabu isife. Siku 2 za mafunzo, ya kwanza ya kufundisha na ya pili ya uamuzi na kupanga kadi. Mbao na seti 12 kwa skuli. Na saa 6 kwa kila wilaya, zikae ofisi ya elimu na kuazimwa kwa sahihi. Klabu zifanye kazi muhula mzima kwanza. Baada ya hapo skuli nne za jirani zikutane Jumamosi moja, watoto 8 kutoka kila skuli, raundi 5. Wilaya ikimudu hilo mara mbili bila ugomvi, ndipo izungumzie fainali, na wiki ya Tamasha la Elimu Bila Malipo mwezi wa Septemba inaweza kuwa wakati wake.

Mfano wa kadi, fomu ya matokeo, kanuni za kusomwa kabla ya raundi ya kwanza na mpango wa masomo ya wiki 12 tunavyo vimeandikwa kwa Kiswahili, na tutavikabidhi bila malipo kwa ofisi yoyote ya wilaya itakayoviomba.

Wenu katika kazi,
Wafundishaji na waamuzi wa sataranji ya watoto, Unguja na Pemba